Mama ana intavyuu ya uraia wa Marekani mwezi ujao, maswali 100 kayameza yote ila bado naogopa

#1 mwana_kasulu

Habari za humu wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi nikaona nililete hapa maana najua wapo wengi walishapita hii njia.

Mimi niko Dayton, Ohio. Tuliingia 2018 tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, asili yetu Fizi kule Kivu Kusini ila mimi nimekulia kambini kwa hiyo Kiswahili changu ni cha Kasulu, ndugu zangu wa Kongo msinicheke. Mama yangu ana miaka 59, shule aliishia darasa la pili, kambini alikuwa anauza mihogo na dagaa na hapa anakunja mashuka kwenye kiwanda kinachofua nguo za hoteli. Mwezi wa tano mwaka huu 2025 tulituma N-400 yake, ile fomu ya kuomba uraia, juzi barua imekuja, intavyuu katikati ya mwezi wa kumi. Yaani wiki tatu tu.

Sasa ishu iko hivi. Yale maswali 100 mama kayameza. YOTE. Ila kayameza kama kwaya. Kayapangia sauti kabisa kuanzia la kwanza mpaka la mia, anaimba akisonga ugali, anaimba kwenye gari, wajukuu nao wameshayashika wanamwitikia. Ukimuuliza la kwanza, sheria kuu ya nchi ni ipi, hujafunga mdomo ameshajibu "the Constitution". Lakini ukiruka ukamuuliza la 40, lile la Jaji Mkuu, unamuona anafumba macho, midomo inacheza, anaanza toka juu ateremke mpaka afike kwenye ubeti wake.

Jana nikajifanya afisa, nikavaa na koti, nikakaa mezani nikamwambia "Good morning, how did you get here today?" Akanijibu kwa sauti kubwa na tabasamu, "The Constitution!"

Tulicheka mpaka machozi ila usiku nikawaza, huyu mtu nimemfundisha wimbo sijamfundisha mtihani. Waliopita naomba mnisaidie, nianzie wapi na hizi wiki tatu?

#2 mama_nuru

Hahaha pole kaka, "the Constitution" nimecheka jikoni peke yangu. Lakini umeona mwenyewe kabla ya siku na hilo ni jambo zuri, wengi wanakujaga kugundua wakiwa wameshakaa mbele ya afisa.

Mimi niliapa 2022, mume wangu 2023, na shangazi yangu nilimfundisha mwenyewe mwaka jana kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua. Watu wanaita mtihani wa maswali 100 kana kwamba ndiyo wote. Sio. Kwenye hayo mia afisa anauliza mpaka 10 tu, ukipata 6 anaacha hapo hapo anaendelea na mengine, dakika tatu nne zimeisha. Kusoma, anakupa sentensi, ukisoma moja kati ya tatu umepita. Kuandika hivyo hivyo, moja kati ya tatu. Sasa muda uliobaki wote wa intavyuu anafanya nini? Anapitia fomu yako. Jina, ulipoishi, kazi, safari, watoto, halafu yale makumi ya "have you ever", yaani uliwahi kufanya hiki au kile. HAPO NDIPO ANAPOPIMA KIINGEREZA CHAKO CHA KUONGEA. Hakuna mtihani mwingine wa kuongea, ndio huo. Na humo hamna wimbo kwa sababu kila afisa anauliza kwa mdomo wake.

Kwa hiyo wiki hizi tatu maswali 100 yaache, yameshaingia. Chukua nakala ya N-400 mliyotuma mkae nayo kila siku.

#3 Kipanga wa Houston

Umri wa miaka 59 si anaruhusiwa kufanya kwa Kiswahili na mkalimani? Nilisikia ukizidi 55 Kiingereza wanakusamehe.

#4 mama_nuru

@Kipanga hapana, umri peke yake hautoshi. Ni miaka 55 NA uwe umekaa na grin kadi miaka 15, au 50 na grin kadi miaka 20. Hapo ndio unasamehewa Kiingereza unafanya yale maswali kwa lugha yako. Na ukifika 65 na grin kadi miaka 20 wanakupunguzia mpaka maswali, unasoma 20 tu badala ya yote. Huyu mama kaingia 2018, hata wakimuhesabia grin kadi toka siku aliyoshuka kwenye ndege kama wanavyowafanyia wakimbizi, miaka 15 yake ni 2033. Atasubiri mpaka lini?

#5 mwana_kasulu

Ndiyo hivyo mkuu Kipanga, tulishahesabu. Mama mwenyewe kasema 2033 atakuwa hana meno ya kula hicho kiapo.

#6 fundi_simu

Jamani mbona mnajitesa. Tafuteni daktari ajaze ile N-648 aandike mama ana tatizo la kumbukumbu, anasamehewa Kiingereza na maswali yote anaenda kuapa tu. Kuna jamaa hapa kwetu anaunganisha watu, unampa chake mambo yanaisha.

#7 mjomba_wa_ujiji

Fundi acha kupoteza watu. N-648 ipo na ni haki ya mgonjwa wa kweli. Babu yangu mzaa mama aliitumia, alishapata kiharusi hata majina yetu anachanganya, daktari wake aliyemtibu muda mrefu ndiye aliyeandika. Kuzeeka siyo ugonjwa kwenye ile fomu, na kutojua kusoma nako hawakubali kama sababu. Sasa mama anayeimba maswali mia kwa mpangilio utamwandikiaje hana kumbukumbu? Afisa anaweza kukataa ile karatasi papo hapo, na uongo kwenye faili la uhamiaji hauozi, unakaa pale miaka na miaka ukikusubiri.

Halafu huyo jamaa wa kuunganisha, pesa akishakula unamkuta wapi?

Kwa babu sisi tulikuwa na haraka kwa sababu ya ile SSI, hela ya serikali ya wazee na wagonjwa wasio na kipato, mkimbizi anapewa miaka 7 tu inakatwa kama hajawa raia. Wenye wazee wa 65 kwenda juu hesabuni hiyo miaka mapema, msingoje barua ya kukatiwa ndio muanze kukimbia.

#8 fundi_simu

Nilikuwa natoa wazo tu.

#9 Wanjiru_DFW

Niaje watu wangu. Mimi ni Mkenya niko Dallas, nilifanya hii kitu mwaka jana. Moja tu nataka kuongeza juu ya yale maswali, CHUNGA VIDIO ZA ZAMANI. YouTube imejaa vidio za miaka mitatu minne nyuma, mtu anameza makamu wa rais ni Kamala Harris anaenda nayo hadi kwa intavyuu. Jina lazima liwe la mwenye kiti siku ile unaulizwa.

#10 mwana_kasulu

Dada Wanjiru Mungu akubariki. Nimekimbia kumuuliza mama sasa hivi, "who is one of your state's U.S. Senators now?" akajibu J.D. Vance!! Vidio aliyokuwa anaifuata ni ya kabla. Vance sasa ni makamu wa rais, Ohio maseneta ni Bernie Moreno na Jon Husted. Sasa kung'oa mstari kwenye wimbo aliouimba miezi saba ni kazi, anafika pale anajikwaa, inabidi arudi mwanzo wa ubeti.

Tumemchagulia Moreno. Husted anamshinda, hiyo s na t zinapandana anasema Hasitedi.

#11 salumu_mpya

Wadau samahani naingilia, mimi grin kadi yangu imetimiza miaka mitano ila bado sijaomba. Nasikia wamebadilisha mtihani?

#12 mama_nuru

Ndiyo, wametangaza mwezi huu. Atakayetuma fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anafanya mtihani mpya. Benki ya maswali 128, unaulizwa mpaka 20, lazima upate 12, ukikosa 9 umeanguka hapo hapo. Inayoangaliwa ni tarehe ya KUTUMA FOMU, siyo ya intavyuu, kwa hiyo mama wa mleta uzi yuko kwenye ule wa zamani hata wangemwita mwakani.

Mpya siyo wa kutisha kivile ila una vitu vya kuchimba zaidi. Ule wa zamani unakwambia yalikuwepo majimbo 13 ya mwanzo taja matatu, huu taja matano. Viongozi wao wa zamani akina Hamilton na Eisenhower wamo.

#13 salumu_mpya

Kwa hiyo nina wiki tatu. Leo silali.

#14 mjomba_wa_ujiji

Salumu kabla hujabonyeza jipange na hela, onlaini ni dola 710, ya karatasi 760. Kama kipato ni kidogo kuna punguzo mpaka 380 ila hiyo unaomba kwa karatasi siyo onlaini, na kama mnapata fudi stempu za chakula au Medicaid, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, jaribu fomu ya kusamehewa ada yote, I-912. Wengi wanalipa kamili kwa kutojua.

Na swali la muhimu kuliko hela. Ulipoenda kuchukua leseni ya udereva, yule wa dirishani alikuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura? Ulijibu nini?

#15 salumu_mpya

Mmh. Sikumbuki. Nilikuwa najibu yes kila kitu siku ile.

#16 mjomba_wa_ujiji

Basi usitume fomu usiku huu. Tafuta kwanza wakili au shirika la wakimbizi lenye watu walioidhinishwa kwa mambo ya uhamiaji, waangalie kama jina lako limeingia kwenye daftari la wapiga kura. N-400 inauliza waziwazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Bora mtihani wa maswali 128 na faili safi kuliko maswali 100 na kesi.

#17 Kipanga wa Houston

Na mimi nitupe langu. Wabongo mliomo humu mnaoshangilia, mnajua mkila kile kiapo uraia wa Tanzania ndio basi? Sheria yetu ya uraia ya 1995 mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake wa kwetu unakoma. Hii habari ya hadhi maalum ya diaspora ni kitu kingine, siyo uraia. Mimi ndio maana mwaka wa kumi na moja huu naangalia tu ile fomu.

#18 Wanjiru_DFW

Sisi tangu katiba ya 2010 tunabeba zote mbili, poleni majirani.

#19 bahati_uvira

Jambo ndugu zangu. Hata siye Kongo ni vile vile, katiba ya 2006 article 10 inasema uraia wa Kongo ni moja tu, hauwezi kuwa pamoja na ingine. Lakini banasemaka tu, kila mutu anajua hali yake.

#20 mwana_kasulu

Kipanga nakuelewa mkuu, wewe una cha kupoteza. Mama yangu hajawahi kushika pasipoti ya nchi yoyote. Karatasi yenye jina lake aliyoishi nayo zaidi ya miaka ishirini ni kadi ya chakula ya kambini, ile ya kutobolewa siku ya mgao, na mpaka leo anayo kwenye Biblia. Turudi kwenye mada tafadhali.

Nimefuata ushauri wa mama_nuru. Jana na leo tumekaa na N-400. Wakuu, nilichokiona huko!

Kuna swali linauliza kama uliwahi kufanya kazi au kujitolea kwenye jela, kambi ya wafungwa, kambi ya kazi za kulazimishwa. Nimelisoma kwa Kiingereza taratibu. Mama katika sentensi nzima ameshika neno moja, "camp". Akaruka kwenye kiti, "Yes! Yes! Nyarugusu! Twenty years!" Na alijitolea kweli, alikuwa anapika uji kituo cha watoto, kwa hiyo hata "volunteer" alipoisikia akaitikia yes ya pili kwa furaha zaidi.

Nikamuuliza la silaha, uliwahi kutumia "weapon" dhidi ya mtu. Hajui weapon ni nini. Nikamwambia kwa Kiswahili, silaha, kama bunduki, panga. Akasema panga ndiyo, kila siku, sasa shamba ningelimaje?

La "gamble", yaani kamari, kalikataa vizuri ila alidhani ni kazi ya mtu.

Na la waasi, kama uliwahi kuwa kwenye kundi la waasi au wanamgambo, hapo hakujibu. Alinyamaza akaangalia dirishani. Baadaye akasema, "Hao ndio walitutoa nyumbani, mbona wananiuliza mimi?" Nikafunga karatasi, tukapika.

#21 mama_nuru

Pole sana kwa mama. Hilo swali linawagusa wengi wetu, mwandae mapema asilisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mgeni. Mwambie anauliza kila mtu, hata mzee wa Kihindi duka la jirani anaulizwa hilo hilo.

Sasa sikia nilivyofanya na shangazi. Usimfundishe tafsiri ya sentensi nzima, zile sentensi ni ndefu hata Mmarekani mwenyewe anachoka katikati. Mfundishe maneno machache ndani yake. Chukua kadi, andika "weapon", "rebel", "tax", "arrest", "vote", "oath", "gamble", kama thelathini hivi. Nyuma ya kadi usiandike Kiswahili, chora au bandika picha. Akisikia hilo neno ajue mada ni nini. Halafu yale ya camp, mfundishe asikilize neno LILILO MBELE ya camp. "Refugee camp" ndiyo, "prison camp" hapana, "labor camp" hapana.

Na mfundishe kuomba. "Please repeat." "I don't understand this word." Afisa anaruhusiwa kurudia na kuuliza kwa maneno mengine, sio aibu na hakukati maksi. Kinachoua watu ni kusema yes kwa heshima. Sisi tumelelewa mkubwa akikuuliza kitu unaitikia ndiyo, sasa pale ndiyo ya adabu ni ndiyo ya kuikubali jela.

Na wabadilishe waulizaji. Anakuzoea sauti yako. Mpe jirani Mmarekani, mpe mtoto, mpe mtu wa kwenye simu.

#22 shabiki_wa_mchele

"Ndiyo ya adabu" hii nimeiiba dada.

#23 abdul_leicester

Nawasoma toka Uingereza. Huku wenzenu hatuongei na mtu kwenye ule mtihani wa Life in the UK, unakaa mbele ya kompyuta maswali 24 dakika 45, upate 18, pauni 50 yako imekwenda, ukifeli unalipa tena. Kiingereza cha kuongea ni mtihani mwingine kabisa na hela nyingine. Hivyo msilalamike sana, ninyi mnahurumiwa na binadamu, sisi tunahukumiwa na mashine.

#24 mwana_kasulu

Taarifa fupi. Imebaki wiki moja. Kadi tumetengeneza 34, mjukuu wake ndiye mchoraji, "taxes" kachora mtu analia. Jirani yetu Mmarekani, bibi mmoja mstaafu, anakuja saa moja jioni anamuuliza maswali huku wanakula maandazi. Mama sasa akisikia "how did you get here" anasema "my son drive me". Sarufi tutairekebisha mbinguni.

Maswali mia nayakata kama karata sasa, nachanganya, namvizia akiwa anaosha vyombo. Wimbo umeanza kuvunjika. Analalamika nimemuharibia kwaya.

Kwenye kuandika kuna tatizo moja. Nikimsomea "We pay taxes" anaandika "We pay Texas". Sikio lake halioni tofauti. Mengine anaandika vizuri, mwandiko wa darasa la pili lakini unasomeka.

#25 bahati_uvira

Mama yangu alikuwa na shida ile ile, mara ya kwanza balimuita akashindwa kuandika. Lakini usiogope ndugu, orodha ya maneno ya kuandika ni fupi, iko kwenye tovuti ya USCIS, ile idara ya uhamiaji, na sentensi zinatokaka mule mule. Majimbo ni machache, iko Alaska, California, Delaware. Texas haimo! Sasa mwambie akisikia kitu kama Texas, ni taxes. Hakuna ingine.

#26 mwana_kasulu

Bahati weeeee! Hiyo hata mimi sikuiona. Texas haimo kweli, nimepitia orodha mara mbili.

#27 Wanjiru_DFW

Kesho kutwa si ndio siku? Tuletee ripoti.

#28 mwana_kasulu

Wakuu ripoti hii hapa, nimeandika nikiwa kwenye gari mama kalala pembeni.

Tumeondoka alfajiri. Kavaa kitenge chake cha harusi ya dada na koti juu. Mimi nikabaki pale wanapokaa watu kusubiri, yeye akaitwa na mama mmoja wa makamo, akaenda peke yake na ile bahasha. Dakika 35. Nilihesabu vigae vya dari.

Haya ni kama alivyonisimulia. Kabla hata hajakaa kaambiwa anyooshe mkono wa kulia aape kusema kweli, hilo tulilifanyia mazoezi kwa hiyo alisimama kama askari. Kaulizwa amekujaje. "My son drive me. Red car." Gari ni ya kijivu lakini sawa. Maswali ya historia kaulizwa saba kapata sita, alilokosa ni la Susan B. Anthony, yule mpigania haki za wanawake, alifanya nini. Anasema jina alilisikia vizuri kabisa ila aliona haya kumzungumzia mtu asiyemjua. Kusoma kapita sentensi ya kwanza, "Who was the first President?"

Fomu nzima kapita. NZIMA. Kaomba "please repeat" mara nne, anahesabu kwa vidole. Kwenye ile ya kambi kasema "Refugee camp yes. Prison no." Anasema yule mama aliacha kuandika akamwangalia, akatabasamu. Kwenye "oath" kaulizwa maana yake nini, kajibu "promise to God and America".

Kaanguka kuandika.

Na mnajua kwa nini? Haikuwa karatasi. Ilikuwa TABLETI. Kioo! Kapewa kalamu ya plastiki ya kuandikia kwenye kioo, mama ambaye ameshika penseli kwa shida miaka hii michache, kila akiweka mkono kile kitu kinateleza. Ya kwanza herufi zilipandana hazikusomeka. Ya pili akasahau neno katikati. Ya tatu ilikuwa ile ile yetu na kwa hofu mkono ukaandika Texas.

Mbona hakuna aliyenambia kuna tableti jamani??

#29 mama_nuru

Uwiii. Kaka nisamehe. Naapa nilisahau kabisa, mimi kwa mazoea ya simu hata sikuiona kama ni kitu. Shangazi yangu naye alikuwa karani, mkono mwepesi. Ni kosa langu.

Lakini sikiliza, huyu mama HAJAFELI kama mnavyodhani. Angalia ile karatasi aliyopewa, N-652, itakuwa imeandikwa kapita civics, yaani yale maswali ya historia na serikali, kapita kusoma na kuongea. Wanamuita tena kati ya siku 60 na 90, na siku hiyo anafanya KUANDIKA tu. Halipi tena.

#30 mjomba_wa_ujiji

Mtu aliyeishia darasa la pili kapita mtihani wa kuongea Kiingereza mbele ya afisa peke yake, halafu tunamlilia kwa sababu ya kalamu ya plastiki? Mpikieni mama kuku.

#31 mwana_kasulu

Kuku kaliwa mjomba.

Mama mwenyewe hakulia, mimi ndiye niliyekuwa nimenuna. Kaamka kwenye gari karibu tunafika akaniuliza, "Ile kalamu inauzwa wapi?" Tumepitia dukani tumenunua, dola kumi na mbili, tumemfungulia kwenye simu yangu ya zamani ukurasa mweupe wa kuchorea. Sasa kila jioni anaandika na ile kalamu. Mwanzoni mstari wake ulikuwa unapanda mlima, sasa hivi umetulia. Kajigundulia mwenyewe kwamba kiganja asikilaze kwenye kioo, anakishika juu kama anachomoa mwiba.

#32 salumu_mpya

Nawasalimu. Mimi niliangaliwa, jina langu halipo kwenye daftari la wapiga kura, asante sana mjomba. Nimetuma tarehe 18, siku mbili kabla. Nimenunua na kalamu ya kioo tayari.

#33 mwana_kasulu

Hongera Salumu. Jamani swali la mwisho kwa wanaojua. Maneno yote ya orodha mama sasa anayaweza, mpaka "Independence Day". Namba hana shida, hamsini na mia anaruhusiwa kuandika kwa tarakimu. Limebaki moja tu linamtesa, "February". Wazungu wenyewe wanalitamka Febyueri, sasa na yeye anaandika anavyosikia, r ya katikati inapotea kila siku.

#34 mama_nuru

Makosa madogo ya herufi afisa anasamehe kama neno linaeleweka, asijitese. Asifupishe tu, asiandike Feb.

#35 bahati_uvira

Ndugu, mwambie asisikilize Wazungu. Aseme kwa kichwa kama siye tunavyosema, Fe-bru-a-ri. Halafu i ya mwisho aifanye y. Imeisha.

#36 mwana_kasulu

Nimemwambia sasa hivi yuko hapa mezani. Kaandika mara tatu, zote sawa. Kanigeuzia simu nione, akauliza, "Kumbe ni hii Februari yetu?"